Meza Iliyomngoja Nyanya

Nyumba yetu ya Kiplombe ilikuwa na meza mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya mbao za mkaratusi, na mguu wake mmoja tuliutilia kibao ili isiyumbe. Hapo ndipo sisi wenyeji tulipokula, kwenye sahani za melamini zilizokwaruzwa na vijiko mpaka maua yake yakafutika. Ya pili ilikuwa dirishani, ndefu, na imeandaliwa siku zote: sahani, glasi, visu, bakuli la mchuzi, vitambaa vya kupangusia mdomo vilivyotiwa wanga vikasimama wima ndani ya glasi. Hiyo hatukuigusa. Nilikua nikiiona hapo, nikasoma, nikaanza kazi katika duka la vifaa vya ujenzi mjini, na bado hakuna mtu aliyekuwa amekula hapo hata tonge moja.

Jirani yetu, mama mcheshi aliyefuga ng'ombe na kutuuzia maziwa, aliiita hoteli. Alikuwa akisimama mlangoni na chupa yake, anachungulia, anacheka.

"Mama, sasa hii hoteli yako itafunguliwa lini? Mimi nimechoka kungoja."

"Mteja yuko njiani," mama alimjibu.

Mteja mwenyewe alikuwa mmoja tu. Alikuwa mama yake mama, nyanya yangu.

Kwetu, huko karibu na ziwa ambako wazazi wangu walitoka kuja kutafuta kazi Eldoret, mama mzazi hali wala hanywi nyumbani mwa binti yake mpaka ng'ombe wa mahari wafike kwao. Hata maji hanywi. Akila kabla ya hapo, watu watasema amemtoa mtoto wake kwa ugali. Na ng'ombe wa mama yangu hawakuwa wamefika. Yeye na baba hawakuoana kwa mpango. Walipendana wakiwa vijana, wakapanda gari wakaja zao huku, na ukweni baba hakukanyaga. Kila mwaka alisema, "Desemba tutaenda." Desemba ilikuja, ikaisha, na baba alikuwa bado yuko kwenye kochi anasikiliza redio. Alikuwa karani katika ghala la mahindi, mtu mpole, asiyekunywa pombe, asiyempigia mtu kelele. Alikuwa mwoga tu. Nimewaona walevi na wagomvi wakipeleka mahari, wakicheza ngoma ukweni, wakirudi na kuku. Na baba yangu, mtu mzuri kuliko hao wote, akashindwa na safari ya nusu siku. Jambo hilo linanichoma hadi leo.

Basi mama, kwa kuwa hakuweza kujipelekea ng'ombe mwenyewe, alikusanya vyombo.

Kuandaa meza alijifunza katika hoteli moja mjini, alikoosha vyombo jikoni. Waosha vyombo hawakuruhusiwa kuingia walikokaa wageni, lakini mlango wa jikoni ulikuwa na kioo cha duara, na kila alipopita na beseni alitupa jicho. Aliona kisu kinalala upande gani, glasi inasimama wapi, kitambaa kinakunjwaje. Hoteli ile ilifungwa nikiwa bado shule ya msingi, na mama akaanza kushona sare za wanafunzi nyumbani. Lakini ile meza ya kwenye kioo alikuwa ameishika yote kichwani, akaja nayo Kiplombe.

Sahani za samawati zenye ukingo wa dhahabu zilitoka Cheptiret, kwa mwanamke aliyetandika vyombo vya mtumba juu ya gunia kando ya barabara ya Nakuru. Hakuwa na seti nzima. Mama alinunua mbili, akamwomba amwangalizie nyingine, na kwa miaka mingi alikuwa akishuka Cheptiret kuuliza kama ndugu zao wamepatikana. Kila iliyopatikana alirudi nayo imefungwa ndani ya sweta, akaipakata njia nzima.

Glasi na mabakuli aliyapata kwa wale akina mama wanaozunguka mitaani na beseni kichwani, wakibadilisha vyombo kwa nguo kuukuu. Walipopiga hodi langoni, baba alikimbilia chumbani kuficha suruali zake. Siku moja alichelewa kurudi kutoka kazini. Mama alitoa koti lake jeusi, la pekee, akapewa bakuli kubwa jeupe lenye kifuniko na masikio mawili. Baba aliporudi alilitazama lile bakuli kwa muda.

"Sasa nitaenda ukweni na nini?" aliuliza. "Nitavaa bakuli?"

"Koti ulikuwa nayo miaka yote hiyo," mama alisema. "Ulienda?"

Tulicheka wote watatu, baba pia. Lakini tangu siku hiyo koti ndilo likawa sababu. Ukimuuliza habari za ukweni, anakuonyesha bakuli kwa kidole.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyevilia. Vumbi jekundu la Kiplombe haliulizi kama chombo kimetumika. Linaingia tu, linakaa. Tulivitoa vyote, tukaviosha kwa maji ya uvuguvugu, tukavipangusa, halafu mama akaanza kupanga upya. Hakupenda meza ifanane na ya wiki iliyopita. Wiki hii kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na sahani za samawati juu yake. Wiki ijayo kitambaa cha kijani na mabakuli ya njano, na katikati chupa ya sharubati iliyotiwa maua ya kandokando ya ua. Nilipopata simu nzuri nilimwonyesha picha za wanawake wa mijini wanaojionyesha na meza zao. Alizitazama kwa makini, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Huyu ameweka kisu upande wa kushoto," alisema. "Na hizi sahani zote amenunua siku moja. Unaona vile zimefanana? Hazina hadithi."

Mimi niliichukia kazi hiyo. Nina hasira za karibu, watu wote wa nyumbani wanajua, na kila Jumamosi nilikuwa na swali lile lile: kwa nini tunamwoshea vyombo mtu asiyekuja? Mama alinipa glasi nyingine nipanguse.

Majirani nao walikuwa na lao. Mtaani kukiwa na matanga, kila mama hutoa sahani zake, akizitia alama ya rangi ya kucha upande wa chini ili zisichanganyike na za wengine. Mama yangu alitoa sufuria, alitoa viti, alitoa kuni, hata godoro. Vyombo vya dirishani hakuvitoa. Ukizigeuza sahani zile, chini zilikuwa safi, bila alama yoyote. Kuna waliomwita mchoyo, naye aliwaacha wamwite.

Nyanya alikuja Eldoret mara kadhaa kutibiwa macho. Alilala kwa mpwa wake upande wa pili wa mji, na mchana akaletwa kwetu kwa boda boda, ameketi kiupande, mkoba wake mweusi ameukumbatia kifuani. Ndani hakuingia. Mama alimtolea kiti nje, karibu na kizingiti, na mlango ukaachwa wazi ili aione meza. Alikaa hapo akiitazama, mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, huku baridi ikimpiga miguuni na chai ikinukia ndani asiweze kuinywa.

"Ile ya samawati ya pembeni ni mpya," alisema kwa lugha yetu.

"Ndiyo, mama. Imebaki moja ziwe sita."

"Ni nzuri."

Njaa ilipomzidi nyanya, mama alikuwa na njia yake. Alipika kwake, akatia chakula kwenye hotipoti, akakipitisha juu ya ua wa michongoma kwa jirani wa maziwa. Kikifika kule, kilikuwa chakula cha jirani. Nyanya aliinuka, akazunguka kwa nje, akaketi kwa jirani na kula mapishi ya binti yake kwenye sahani za plastiki za mtu mwingine. Jirani, ambaye kwao mambo hayo yana taratibu nyingine, alishangaa kila mara.

"Hii chakula ilikuwa na shida gani huko kwako?" alimuuliza mama.

"Chakula haina shida. Shida ni nyumba."

Mama alibaki upande wetu, amesimama karibu na michongoma, mikono ndani ya aproni, akisikiliza. Alikuwa akingoja kusikia kama nyanya ataomba kuongezewa. Akiomba, uso wa mama ulifunguka wote. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na nisijue nimkasirikie nani kati ya baba, nyanya na wale waliotunga desturi yenyewe.

Ugonjwa wa mama ulianza na nyama. Ilimkwama kooni, akasema ni ngumu, mwenye bucha ametuuzia ng'ombe mzee. Halafu ugali ukakwama, halafu mkate. Alianza kula amesimama, akijipiga kifua kwa ngumi, akinywa maji baada ya kila tonge. Tulimpeleka hospitali mjini, wakamtia mpira wenye taa kooni, na daktari kijana akatuambia kwamba ni saratani na kwamba tumechelewa. Alisema kwa upole, akitazama viatu vyake. Upande wetu huu wa nchi hakuna mtaa usio na mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa koo, kwa hiyo hakuhitaji kutufafanulia sana.

Nyumbani mama hakulia. Aliketi mbele ya meza ya dirishani, akasogeza glasi moja kidogo kuelekea kulia.

"Mama yangu asiambiwe," alisema. "Akijua hatakula. Atakaa hapo alie, na chakula kipoe."

"Mama, sasa hivi unafikiria chakula?"

"Nifikirie nini kingine?"

Nilikaa kitako ndipo nikaelewa. Katika yote aliyoambiwa siku ile, kilichomtia hofu kilikuwa hicho kimoja: kwamba atakufa kabla mama yake hajaketi kwenye kile kiti, au kwamba mama yake ataketi akiwa ameshajua, na mlo wake wa pekee ugeuke matanga. Hakuna kingine alichokitaka. Hakuomba kupelekwa ng'ambo, hakuomba kuombewa na mhubiri mkubwa.

Nilimfuata baba nyuma ya nyumba, alikokuwa akipukuchua mahindi.

"Baba, leo sina adabu, utanisamehe siku nyingine," nilimwambia. "Koti nitakutafutia mimi. Gari nitatafuta mimi. Kazi yako ni kupanda tu."

Punje ziliendelea kuanguka ndani ya karai.

"Wataniuliza nilikuwa wapi miaka yote," alisema.

"Watakuuliza."

"Na nitawaambia nini?"

"Utawaambia uliogopa."

Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, na sikumbembeleza. Nilimwacha na karai lake nikaingia ndani kumkorogea mama uji.

Baba alikwenda. Alivaa koti la kijivu nililolipata kwenye mtumba, mikono yake mirefu kidogo, na kaka yake mkubwa akaongozana naye. Ng'ombe walipelekwa. Kaka yake alinisimulia baadaye kwamba wajomba zangu walimsema baba mchana kutwa, wakampandisha na kumshusha, naye akiwa ameinamisha kichwa. Mwishowe mmoja akamuuliza alikuwa wapi. Baba akajibu, "Niliwaogopa." Wajomba wakatazamana, wakaitisha chai. Miaka yote hiyo, na kumbe neno lenyewe lilikuwa fupi hivyo. Siku ya nyanya kuja kula ikapangwa, na baba akarudi Eldoret akiwa amelala ndani ya gari, mdomo wazi, amechoka kama mtu aliyelima.

Mama wakati huo alimeza maziwa na uji mwepesi tu, na siku nyingine hata mate yalimshinda. Wiki ile aliandaa meza akiwa ameketi, mimi nikiwa mikono yake. Alinielekeza kwa kijiko. Sogeza. Rudisha. Geuza ile sahani, ua lake liangalie mgeni. Tulitandika kitambaa cheupe, tukakitandua, tukakipiga pasi upya kwa sababu kulikuwa na kunyanzi moja ambayo mimi sikuiona na yeye aliiona. Vitambaa vya mdomo alivitia wanga mwenyewe, vyeupe, vyenye ukingo wa samawati aliofuma kwa mkono, akavikunja kama kipepeo. Alipomaliza alikuwa anahema. Nilimwambia apumzike, akaniambia atapumzika tele.

Asubuhi ya siku yenyewe alivaa sweta mbili ndani ya gauni ili aonekane ana mwili. Baridi ilitusaidia, Julai ya Eldoret hakuna anayemuuliza mtu kwa nini amejifunika. Alijipaka mafuta mashavuni mpaka yakang'aa. Nilipokuwa nikikagua sahani niliona kwamba upande wa dirisha ameondoa moja. Viti viwili vilikuwa karibu karibu, na mbele ya vyote viwili sahani moja kubwa.

"Hapa mbona ni moja?"

"Mlo wa kwanza, mama na binti wanakula sahani moja," alisema. "Na binti ndiye anamega kwanza. Asipomega, mama hagusi chakula."

Mimi, mtoto wa mjini, nilikuwa sijui hilo. Yeye alilijua tangu mwanzo na alikuwa amenyamaza.

"Utamezaje?"

"Nani amesema nitameza?"

Alichomoa kitambaa kimoja ndani ya glasi, akakikunjua, akakiweka upande wake wa meza, karibu na mkono. Nilikwenda jikoni nikasimama nikiutazama ukuta mpaka jirani wa maziwa, aliyekuja kunisaidia kupika, akaninyang'anya mwiko.

Nyanya alifika mchana na mke wa mjomba. Alisimama kizingitini, mahali pale pale kilipokuwa kikiwekwa kiti chake, akatazama chini kama anayetafuta mstari. Kisha akainua mguu akaingia. Jirani alipiga vigelegele peke yake, mwiko juu, unga mikononi. Baba, ambaye kwa desturi haruhusiwi kukaa meza moja na mama mkwe, alikuwa nje barazani na koti lake la kijivu. Nilipopita na lile bakuli jeupe lenye kifuniko, limejaa kuku, alininong'oneza, "Pole pole na koti yangu." Nilicheka nusura nilimwage.

Nyanya aliketi. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa cha meza, akagusa ukingo wa sahani, akainua glasi akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Ile ya sita ilipatikana?"

"Ilipatikana, mama."

Tulinawa, tukasali. Mama alimega ugali, akaufinyanga, akauchovya kwenye mchuzi, akautia mdomoni. Alitafuna kwa raha, akitikisa kichwa, akiguna kama mtu aliyeonja kitu kizuri. Macho yalimlengalenga, na mtu angeweza kudhani ni mvuke wa kuku. Nyanya alimtazama. Kisha naye akamega.

Nilisimama nyuma yao na jagi la maji. Mama aliukalisha ule ugali shavuni. Aliongea nao mdomoni, akacheka nao, akamsimulia nyanya habari za yule mwanamke wa Cheptiret. Baada ya muda alichukua kitambaa, akakipeleka mdomoni kama anayepangusa mchuzi, na kiliposhuka mapajani alikuwa amekifumbata. Alimega tena. Nilitamani kukishika kile kitambaa cha meza nikivute, sahani zote zivunjike, kelele hizo ziseme nilichokatazwa kusema. Nilitamani kumuuliza nyanya: macho hayo yalitibiwa ya nini kama huoni?

Nyanya alikula. Alikula jinsi ambavyo sijapata kumwona akila kwa jirani, haraka haraka, kwa kujaza mdomo. Alimaliza upande wake wa sahani akavuka upande wa mama. Alichukua paja la kuku lililokuwa mbele ya mama akalimaliza. Alichukua ugali wa mama, akafagia mboga ya mama. Mke wa mjomba alimtupia jicho la aibu. Mimi nilisema moyoni, huyu mzee ana ulafi gani, amekuja kumfilisi mgonjwa. Kisha akainua kichwa.

"Niongezee," alisema.

Uso wa mama ulifunguka wote, pamoja na kile kilichokuwa kimemjaa shavuni.

Sahani ilipobaki tupu, nyanya aliweka mkono kwenye goti la mama, akauacha hapo. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa mashamba, na dereva akapiga honi, kwa hiyo wageni wakainuka. Langoni nyanya alimshika mama mabega yote mawili, juu ya zile sweta.

"Umenilisha," alimwambia.

Nilipokusanya vitambaa niviloweke, cha mama hakikuwepo. Niliangalia chini ya meza, kwenye viti, barazani. Mama alisema alikiacha kwenye kiti alipoinuka kumsindikiza nyanya, na aliposikia hakipo hofu ikamshika. Kama mke wa mjomba alikiokota? Kama kilianguka langoni mbele ya watu? Alinituma nikaulize kwa jirani, akanituma tena njiani kwenye matope. Mwishowe nilimdanganya kwamba nimekipata nikakitupa chooni. Ndipo akakubali kulala.

Alifariki kabla mahindi hayajavunwa. Tulimzika kijijini kwa kina baba, huko karibu na ziwa, kama inavyotakiwa. Siku ya kufunga mizigo baba alisimama mbele ya meza ya dirishani akasema vyombo vyote viende matangani. Sikubishana naye. Niliketi sakafuni na chupa ya rangi nyekundu ya kucha, nikazigeuza sahani moja moja na kuzitia alama chini, kila moja, hata za samawati, hata lile bakuli lililokuwa koti. Huko watu wasiomjua mama walikula wali na maharage humo, wakavipigisha vijiko, wakavirundika kwenye beseni la sabuni.

Nyanya aliketi karibu na jeneza chini ya turubai, wima, mkoba wake mapajani. Nilikuwa nyuma yake. Nyuma yangu mwanamke mmoja wa upande wa baba, asiyejua kuongea kwa sauti ndogo, alikuwa akiwasimulia wenzake.

"Maskini, amekufa na njaa. Wanasema hata tonge moja haikupita miezi hiyo yote."

Nyanya alifungua mkoba. Akatoa kitambaa akapangusa uso wake. Kilikuwa cheupe, chenye ukingo wa samawati. Kilikuwa kimefuliwa, kimetiwa wanga, kimepigwa pasi, na mikunjo yake ilikuwa ile ile ya meza yetu.

Alijua. Alijua tangu tonge la kwanza, na ndiyo maana alivuka upande wa mama, na kuchukua lile paja, na kuomba kuongezewa hali tumbo limeshamjaa. Alikuwa anammalizia mtoto wake chakula. Halafu alikitia kitambaa kile mkobani na yote yaliyokuwa ndani, ili mtu mwingine asikione, akaenda nacho kwake akakifua.

Aligeuka kwenye kiti, taratibu, mpaka akamwona yule mwanamke.

"Nani amesema alikufa na njaa?" aliuliza. "Mimi nilikuwa kwake. Tulikula sahani moja mpaka ikaisha. Muulizeni huyu."

Wote walinitazama. Nyanya naye alinitazama, kitambaa mkononi.

"Ni kweli," nilisema. "Sahani niliiosha mimi."